Mwenyeji Apone kwa Mkono wa Mwenyeji

Msikilizaji, katika miaka ya 1960, mtu aliyefungua redio ya mawasiliano katika nyanda za mito Yukon na Kuskokwim, huko Alaska, jimbo la kaskazini kabisa la Marekani, angesikia kila siku mazungumzo ya aina moja. Daktari aliye katika hospitali ya mji mdogo wa Bethel anaita vijiji, kimoja baada ya kingine. Kijiji kinaitika. Sauti inayoitika ni ya mtu wa hapo hapo, mara nyingi mwanamke, ambaye nyumbani husema Kiyup'ik na redioni husema Kiingereza. Anaeleza: mtoto wa mwaka mmoja ana homa tangu juzi, anapumua kwa kasi, sikio la kushoto linatoa usaha. Daktari anauliza: anapumua mara ngapi kwa dakika? Ananyonya? Kifua kinabonyea akivuta pumzi? Majibu yanapita katikati ya mikwaruzo ya hewani, daktari anataja dawa na kiasi chake, kisha anaita kijiji kinachofuata.

Mtu huyo wa kijijini si daktari wala si muuguzi. Ni mhudumu wa afya wa kijiji. Wahudumu wa aina hii leo ni takriban 550, katika vijiji zaidi ya 170, na wengi wao ni watu wa jamii za wenyeji wa asili wa Alaska: Wayup'ik, Wainupiat, Waathabaska na wengineo. Alaska ni kubwa karibu mara mbili ya Tanzania, na vijiji vyake vingi havifikiwi kwa barabara. Watu husafiri kwa ndege ndogo, kwa mashua mito inapoyeyuka, na kwa pikipiki za theluji mito inapoganda. Hali ya hewa ikichafuka ndege haitui, na mgonjwa aliye kijijini hubaki na yule aliye kijijini. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaitumia methali hii kumkaribisha mtu, na ni methali njema. Ila katika mambo ya afya, mipango mingi iliyopelekwa kwa jamii za wenyeji wa asili imeichukua neno kwa neno: mponyaji ni mgeni, anakuja na mkoba wake, anatibu, anaondoka. Ninachotaka kukitetea jioni hii ni kwamba mwenyeji hupona vizuri zaidi pale mwenyeji mwenzake anaposhika dawa, na kwamba jambo hilo lina masharti. Masharti yakiachwa, tunakuwa tumemtwika mtu maskini mzigo wa serikali na kuuita ushirikishwaji wa jamii.

Tuanze na kifua kikuu, maana ndicho kilichozaa kazi hii. Katikati ya karne iliyopita ugonjwa huo ulikuwa ukiwaua wenyeji wa Alaska kwa kiwango kilichowatisha hata madaktari waliozoea kuuona. Mwaka 1954 timu iliyoongozwa na Thomas Parran, aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, ilitoa taarifa juu ya afya ya Alaska iliyoonyesha pengo kubwa mno kati ya wenyeji wa asili na raia wengine. Tiba ya wakati huo ilikuwa kumwondoa mgonjwa. Vitanda vya Alaska havikutosha, kwa hiyo watu walipandishwa ndege na kupelekwa kusini, katika hospitali za jimbo la Washington, wakalazwa miezi mingi, wengine miaka. Mama alitengwa na watoto, mtoto akatengwa na lugha yake. Wako waliofia huko. Halafu mwaka 1952 ikathibitika kwamba isoniazidi, kidonge rahisi, kinaua vimelea vya kifua kikuu. Ghafla tiba ikawa kitu kinachoweza kuingia kwenye bahasha. Shida iliyobaki ikawa moja, na ilikuwa kubwa: kidonge hicho humezwa kila siku kwa muda mrefu, na wakati huo mgonjwa huanza kujiona amepona, au familia inahamia kambi ya uvuvi wa samoni, au chakula kinapungua na dawa inaleta kichefuchefu. Nani atakuwepo siku ya 100, siku ya 200, kuuliza kama kidonge kimemezwa? Hapo ndipo walipoteuliwa watu wa vijijini wenyewe, wakafundishwa kidogo, wakapewa dawa na orodha ya majina.

Mwaka 1957, katika vijiji vya eneo la Bethel, daktari na mtafiti George Comstock alianza jaribio la kuwapa watu isoniazidi kabla hawajaugua, nyumba baada ya nyumba. Nusu ya nyumba zilipata dawa yenyewe, nusu zikapata kidonge kisicho na dawa, kwa mwaka mzima. Waliopata dawa waliugua kwa kiwango kilicho chini ya nusu ya wenzao, na kinga hiyo ilidumu kwa miaka mingi baadaye. Nyumba zilizokuwa zimekosa zilipelekewa dawa halisi baada ya matokeo kujulikana. Comstock mwenyewe aliimeza dawa hiyo pamoja na familia yake, jambo ninaloliheshimu sana, kwa sababu mtu anayewaomba wengine wameze kidonge kwa mwaka mzima anapaswa kujua ladha yake. Sasa atainuka mtu aseme: basi aliyewaokoa ni kidonge, si jirani. Dawa ndiyo iliyotibu. Hoja hii ina nguvu ukiitazama kwa haraka. Lakini kidonge kile kile kilikuwepo katika miji mingi ya dunia, na katika miji hiyo mingi watu waliendelea kukohoa na kufa kwa sababu walikiacha katikati. Daktari anayezuru kijiji mara moja kwa mwaka anaweza kuandika dawa, hawezi kumeza pamoja na mgonjwa. Anayejua kwamba bibi fulani amehamia kambi ya mwanawe juu ya mto, na kwamba kijana fulani anamwaga vidonge vyake nyuma ya nyumba kwa aibu ya kuonekana mgonjwa, ni mtu anayeishi hapo. Maarifa hayo ni sehemu ya tiba sawa na kemikali iliyo ndani ya kidonge.

Kutoka kwenye kugawa vidonge, kazi ikapanuka, kwa sababu mwenye dawa kijijini hachagui ugonjwa unaobisha hodi. Anaitwa kwa mtoto aliyeungua maji ya moto, kwa mjamzito aliyepata uchungu kabla ya wakati, kwa mvuvi aliyetumbukia kwenye barafu. Mwaka 1968 serikali kuu ya Marekani iliukubali rasmi mpango huo na kuutengea fedha, na tangu hapo umejengeka kwa utaratibu ambao napenda tuutazame kwa karibu. Tangu awali mwenye sauti katika kumteua mhudumu alikuwa kijiji chenyewe, kupitia baraza lake. Mafunzo yana awamu nne, kila moja wiki tatu au nne, na katikati ya awamu mtu anarudi kijijini kufanya kazi. Mezani pake kuna kitabu cha mwongozo, nacho ndicho uti wa mgongo wa shughuli yote. Kitabu hicho hakimtaki akumbuke kila kitu. Kinaanza na lalamiko la mgonjwa: anakohoa. Kinamwambia maswali ya kuuliza, kwa mpangilio. Kisha sehemu za mwili za kupima na namna ya kupima: hesabu pumzi kwa dakika nzima, tazama rangi ya midomo, sikiliza mapafu mbele na nyuma, chungulia masikio. Kisha kinamwonyesha dalili hizo zikikaa pamoja zinaitwaje, afanye nini, na lini asithubutu kufanya lolote kabla ya kumpigia daktari. Mhudumu anaripoti wagonjwa wake kwa daktari maalumu, ambaye wajibu wake mmojawapo ni kupokea simu hizo. Yuko peke yake chumbani, ila hayuko peke yake kazini.

Redio zile za zamani, nitaje hapa, zilikuwa na dosari mbili. Ya kwanza ilikuwa mbingu za kaskazini. Nuru za rangi zinazocheza angani usiku hutokana na msukosuko ule ule unaovuruga mawimbi ya redio, na kijiji kiliweza kupotea hewani kwa siku kadhaa wakati mgonjwa anasubiri. Mwaka 1971 majaribio ya kutumia setilaiti ya ATS-1 ya shirika la anga la Marekani yalionyesha kwamba vijiji vilivyounganishwa kwa setilaiti viliwasiliana na madaktari mara nyingi zaidi kuliko vilivyobaki na redio ya kawaida. Dosari ya pili ni kwamba kila mwenye redio alisikia ugonjwa wa jirani yake. Hilo lilikuwa kosa kubwa dhidi ya siri ya mgonjwa, na simu zilipofika lilirekebishwa. Lakini wahudumu walijifunza mengi kwa kusikiliza kesi za vijiji vingine, na tunapojenga mifumo mipya ya simu kati ya mhudumu mmoja na daktari mmoja, inafaa tujiulize wahudumu hao watasomeshana wapi.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote ni lile la wataalamu: kwamba huku ni kuwapa maskini tiba ya daraja la pili. Tajiri wa mjini anapata daktari wa miaka mingi ya chuo, mwenyeji wa kijijini anapata mtu wa miezi mitatu au minne ya mafunzo. Kama watu ni sawa, mbona tiba haiko sawa? Swali hili ni la haki. Mimi nalijibu kwa kutazama mahali lilipofika mahakamani, nalo ni suala la meno. Watoto wa vijiji vya Alaska walikuwa na meno yaliyooza kwa kiwango cha kusikitisha, sababu zikiwamo vinywaji vya sukari na uhaba wa maji ya bomba. Madaktari wa meno walikuja kwa ziara chache, wakang'oa, wakaondoka. Mwaka 2003 taasisi za afya za wenyeji zilipeleka vijana wao katika Chuo Kikuu cha Otago huko New Zealand, nchi ambayo imekuwa na matabibu wa meno wa shuleni tangu mwaka 1921, wakasomee kwa miaka miwili kuziba meno, kung'oa yale yaliyoshindikana na kufundisha watoto kuyatunza. Waliporudi na kuanza kazi, chama cha madaktari wa meno cha Marekani na kile cha Alaska viliwashitaki mwaka 2006, vikidai kwamba wanafanya kazi ya udaktari bila leseni. Mwaka 2007 mahakama iliamua upande wa wenyeji. Mwaka 2008 jarida la chama hicho hicho kilichoshitaki lilichapisha uchunguzi uliolinganisha kazi za matabibu hao na za madaktari wa meno, na katika rekodi zilizokaguliwa haikuonekana tofauti ya maana katika matatizo baada ya matibabu. Miaka 10 baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waligundua kwamba jamii zilizopata siku nyingi zaidi za matabibu hao zilikuwa na meno machache zaidi yaliyong'olewa, na watu wengi zaidi waliopata huduma za kinga.

Kwa hiyo tiba ya daraja la pili ni ipi? Kwa kazi iliyowekewa mipaka, inayofanywa mara mia kwa mwaka chini ya usimamizi, mafunzo mafupi yanaweza kutosha kabisa. Kwa kazi isiyo na mipaka hayatoshi, na hapo wataalamu wana haki ya kupiga kelele. Ninachokataa ni kipimo chao. Wanamlinganisha tabibu wa kijijini na daktari wa meno wa mjini, ilhali kwa mtoto anayelia usiku kijijini chaguo lililokuwepo ni huyo tabibu au hakuna mtu. Anayeona tiba hiyo ni duni ana njia ya heshima ya kuthibitisha: ahamie kijijini mwaka mzima. Asipohama, asimfungie mlango aliyezaliwa huko. Pamoja na hayo nakiri kwamba hoja yao inatukumbusha jambo ambalo watawala hulisahau upesi. Mhudumu wa kijiji hajawahi kuwa sababu ya kutokujenga hospitali. Kijiji chenye mhudumu bado kina haki ya daktari, ya ndege ya wagonjwa, ya maji safi, na hasa maji safi, kwa maana hakuna mhudumu anayeweza kuondoa kwa ushauri magonjwa ya ngozi na mapafu yanayoletwa na nyumba isiyo na bomba.

Ziko jamii nyingi duniani zilizopata wahudumu wao na hazikufika mbali, na nadhani tofauti iko kwenye umiliki. Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria iliyoruhusu makabila ya wenyeji kuchukua na kuendesha yenyewe huduma zilizokuwa zikiendeshwa na serikali kuu kwa niaba yao. Alaska waliitumia sheria hiyo kikamilifu. Leo hospitali ya Bethel inaendeshwa na shirika la wenyeji wa eneo hilo, na tangu mwaka 1999 hospitali yao kubwa ya rufaa mjini Anchorage iko chini ya taasisi zao mbili. Mojawapo, Southcentral Foundation, haimwiti anayekuja kutibiwa mgonjwa, humwita mteja na mwenye mali kwa pamoja. Jina hilo lina maana yake kazini. Mhudumu wa kijiji akilalamika kwamba dawa za masikio zimekwisha, malalamiko yanapanda hadi kwenye bodi ya watu wanaoweza kukemewa na shangazi zao. Katika mipango mingi ya ushirikishwaji, mwenyeji hupewa kazi na mgeni hubaki na bajeti. Mwenyeji anatembea nyumba kwa nyumba, mgeni ndiye anayeamua atembee akihesabu nini.

Upo upande mwingine wa ujirani ambao wasifiaji wa mipango hii hawapendi kuutaja. Katika kijiji cha watu 300, karibu kila mgonjwa ni ndugu. Mhudumu anaitwa usiku kwa mtoto wa dada yake. Anafika kwanza penye ajali, na vijana waliojiua, janga ambalo limewaumiza sana wenyeji wa Alaska, hufikiwa kwanza na yeye, aliyewaona wakikua. Kesho yake anafungua chumba chake cha matibabu. Wengi huacha kazi baada ya miaka michache, na kila anayeacha huondoka na maarifa yaliyogharimu fedha na machozi. Hii inasemwa na wengine kuwa ndiyo sababu ya kuleta mgeni, kwa kuwa mgeni halii. Mimi naiona kuwa sababu ya kutomwacha mwenyeji peke yake. Kijiji kiwe na wahudumu wawili au watatu wanaopokezana, pawe na wa akiba anayerushwa kutoka nje mwenyeji anapofiwa, pawe na likizo inayolipwa na mtu wa kuzungumza naye.

Na hapa mtu wa Nairobi au Dodoma ataniambia: hayo ni ya nchi tajiri, yenye ndege na setilaiti. Ni kweli, na ukweli huo unanisaidia. Hata tajiri huyo, mwenye kila kitu, aliona kwamba bila mtu wa kijijini dawa haifiki. Kisha akamlipa mtu huyo mshahara, akampa kitabu, chumba, dawa na daktari upande wa pili wa waya. Sisi tuliokuwa na wahudumu wa afya wa vijiji tangu zamani, kabla hata ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 kuutangazia ulimwengu afya ya msingi, mara nyingi tulichukua nusu ya kwanza na kuiacha ya pili. Kenya mwaka 2023 ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja akiahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Tanzania Januari 2024 ilianzisha mpango wa kufikia wahudumu wa afya ya jamii 137,294 katika miaka mitano. Ni hatua kubwa zote mbili, nazipongeza kwa dhati, kwa kuwa posho, hata ndogo, ni kukiri kwamba hii ni kazi. Ningependa tuzipime kwa maswali ya Bethel. Huyu mama aliyepewa mkoba, akipiga simu saa nane za usiku, nani anapokea? Dawa zake zikiisha, zinarudi lini? Mfugaji wa Kimaasai anayehama na mifugo anahudumiwa na mtu anayehama naye, au na yule aliyeandikishwa kwa anwani? Fedha zilizoahidiwa zikichelewa, ana bodi gani ya kuikemea?

Kule Alaska mtihani wa karibuni ulikuja Desemba 2020. Ili kuuelewa, inabidi kurudi Novemba 1918, katika kijiji ambacho leo kinaitwa Brevig Mission, pwani ya magharibi. Mafua makuu ya mwaka ule yalifika hapo, na katika siku tano yaliua watu 72 kati ya watu wazima wapatao 80. Walizikwa pamoja katika ardhi iliyoganda. Kumbukumbu hiyo haikusomwa kitabuni, ilipokewa kutoka kwa mabibi. Korona ilipoanza, vijiji vingi vilifunga viwanja vyao vya ndege kwa wageni kwa uamuzi wa mabaraza yao wenyewe. Chanjo zilipopatikana, taasisi za wenyeji zilipewa mgao wao, zikausafirisha kwa ndege ndogo, kwa mashua na kwa pikipiki za theluji hadi vijijini, na katika wiki za mwanzo za 2021 Alaska ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyotangulia nchi nzima kwa uchanjaji. Maboksi yalipotua, aliyekuwa akisubiri kando ya kiwanja alikuwa mhudumu wa kijiji, na alijua tayari ni nyumba ipi aanzie, nani atakataa, na ni bibi yupi amtangulize ili huyo atakayekataa akubali.